Joto la Doha, Kina cha Mto Gucha

Wasikilizaji wapendwa, jioni hii tunamkumbuka Cornelius Ombati. Alikuwa mlinzi wa lango mjini Doha kwa miaka kumi na miwili, tangu Februari 2006 hadi Mei mwaka huu wa 2018. Alifariki tarehe kumi na tano Mei. Alikuwa na miaka arobaini na minne.

Mezani nina daftari lake, nimeazimwa na aliyeishi naye chumba kimoja. Ni daftari la kawaida la shule, limejaa namba katika safu tatu. Nitawaeleza safu hizo, kwa sababu maisha yake yamo humo.

Cornelius alizaliwa Riamabeya, senta ndogo kando ya Mto Gucha. Kuna kinu cha posho cha kusagia unga, zahanati, maduka machache, na uwanja wa mpira kwenye tambarare ya mto. Chini ya daraja la zamani palikuwa na kidimbwi. Jumapili baada ya misa watu walishuka huko. Wengine waliogelea, wengine walifua, wengine walikaa tu kwenye mawe.

"Hatukuwa na starehe nyingine," anasema dada yake mkubwa, Nyaboke, mwenye hoteli ya chai pale darajani.

Kabla ya kusafiri, Cornelius alipaka alama nyeupe kwenye nguzo ya daraja, futi moja moja, hadi kumi na nne. Maji yakiwa futi nne, watoto huogelea. Yakishuka chini ya mbili, ni matope na ng'ombe. Yakipita saba, hakuna anayevuka. Kisha alipigilia vigingi vya nyumba karibu na kidimbwi, usawa wa futi ya tisa. Alitaka baraza inayotazama watoto wakiruka majini. Hilo ndilo lililompeleka Doha.

Doha alipewa lango la nje, karibu na Al Sadd. Alitundika kipimajoto kivulini, ukutani mwa kibanda chake, akakisoma kila siku saa saba mchana. Hiyo ndiyo safu ya kwanza. Ijumaa, akitoka kanisani Mesaimeer, alimpigia Nyaboke, na Nyaboke alimsomea nguzo. Hiyo ndiyo safu ya pili.

Safu ya tatu ni joto alilomwambia dada yake.

Tarehe sita Julai 2012, kipimajoto kilisoma arobaini na nane. Safu ya tatu inasema thelathini na moja. Aliandika uongo wake ili wiki inayofuata asijichanganye.

Ramadhani, dereva kutoka Tanga, aliishi naye chumba kimoja mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. "Nilikuwa namsikia kwenye simu," anasema. "Shati limelowa, namwambia, 'Bwana Hali ya Hewa, hiyo thelathini na moja umeitoa friji gani?' Ananijibu, 'Rama, kunywa chai yako.'"

Sasa sikilizeni safu ya pili, ya mto. Nne. Nne. Nne na nusu. Nne. Miaka saba, kiangazi na masika, mto haukuwahi kwenda mbali na futi nne. Mtu makini kama yeye angeshuku. Hakushuku, au hakutaka.

Aprili 2013 alikwenda likizo nyumbani kwa mara ya kwanza. Kidimbwi hakikuwepo. Malori ya mchanga yalikuwa yamekula ukingo, na uwanja wa mpira ulikuwa na korongo katikati. Kwenye nguzo palikuwa na mstari wa matope, futi ya kumi na moja. Vigingi vyake vilikuwa usawa wa tisa.

Nyaboke anakumbuka maneno yao.

"Dada, haya matope ni ya lini?"

"Ya mwaka jana."

"Mwaka jana ulinisomea nne."

"Na wewe ulisema kwenu ni thelathini na moja. Hiyo ngozi ya shingo imechunwa na thelathini na moja gani?"

Cornelius alikaa juu ya mawe yaliyokusanywa kwa ajili ya msingi, akasema, "Tuanze tena. Julai, arobaini na nane."

"Kiangazi mto ulikuwa moja," Nyaboke akasema. "Masika, kumi na moja."

Kesho yake aling'oa vigingi, akavipigilia hatua sitini juu zaidi, mlimani. Ardhi ya juu ilimgharimu mkataba mwingine Doha, kisha mwingine. Nyaboke alipanda mianzi ukingoni, na senta ikakubaliana kuyazuia malori; kidogo kidogo kidimbwi kikarudi. Safu ya tatu iliishia hapo. Haina namba tena baada ya Aprili 2013.

Nyumba iliezekwa 2017. Cornelius angerudi Juni hii kukaa. Alikuwa amechoka, Ramadhani anasema. Akitoka zamu alivua viatu, akaketi kitandani nusu saa kabla ya kuvua soksi.

Ijumaa ya tarehe nne Mei aliandika: "Mto 12½. Nyumba kavu." Usiku wa mafuriko hayo watu kumi na wanane walilala katika nyumba yake. Siku kumi na moja baadaye alirudi kutoka zamu ya mchana, akalala, hakuamka. Daktari aliandika kwamba moyo ulisimama. Sababu nyingine haikuandikwa, nami sitaiongeza.

Kwa Nyaboke na watu wote wa Riamabeya, na kwako Ramadhani, poleni sana. Mungu amlaze Cornelius mahali pema.

Wasikilizaji wapendwa, mlio Doha na mlio nyumbani, mkipigiana simu wiki hii mtaulizana hali. Fikirini mtajibu nini. Mtu mmoja nusura ajenge nyumba yake ndani ya maji, kwa sababu watu wawili waliopendana walifichana hali.

Ijumaa iliyopita, saa ile ile ya simu za Cornelius, simu ya Ramadhani iliita. Alikuwa Nyaboke. Hakuna aliyemwomba apige.

"Andika, mdogo wangu," alisema. "Tatu na nusu."

Ramadhani alichukua daftari. "Hapa arobaini na tatu, dada." Kisha akauliza, "Watoto wameingia?"

"Wameingia. Hebu sikiliza mwenyewe."

Akaisogeza simu kuelekea mtoni.