Bi. Letisia Tweve na Barua ya Kujieleza

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Letisia Tweve, mtunza masjala wa chama chetu cha ushirika wa wapanda miti, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi: kumi na tisa Makambako, kumi na mitatu hapa Njombe.

Kwa wageni, nieleze kwamba masjala ndiko barua huzaliwa, hupewa namba na, zikikosa bahati, husubiri. Bi. Letisia ameandika barua zetu zote. Aliwahi kuandika, kwa niaba ya meneja wetu, Bwana Abel, barua ya rambirambi nzuri kiasi kwamba mfiwa aliomba nakala ya pili.

Kitabu chake mwenyewe, cha maisha ya mama yake, hata hivyo, kilimshinda kwa miaka kumi na moja. Mama yake, Bibi Zipora wa Matamba, sasa mwenye miaka themanini na saba, alimwagiza: "Wasifu wangu msinisomee nikiwa ndani ya jeneza. Nisomeeni nikiwa na kikombe cha chai mkononi, niwasahihishe." Bi. Letisia akakubali, akanunua daftari, akaganda.

Dereva wetu Sadock, asiye na huruma, alimuuliza kila Jumatatu: "Mama, kitabu kimefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza, baba. Ila sasa umekuwa msafi zaidi."

Nieleze ugonjwa huu, maana wengi mnao. Ndani ya kila mwandishi wamo watu wawili: anayeandika na anayekagua. Kwa Bi. Letisia, mkaguzi ndiye aliyewahi kufika kazini. Sentensi haijafika kwenye nukta, imeshakataliwa. Tena, mtu aliyezoea kuandika "nimeelekezwa nikujulishe" hawezi kuandika "nakumbuka" bila kujiuliza nani ameidhinisha.

Januari mwaka jana Bibi Zipora alilazwa wiki mbili kwa nimonia. Aliporudi nyumbani, binti yake aliona muda unakwisha, akajitibu kwa dawa aliyoijua. Alifungua jalada, akajiandikia barua ya kuomba kibali cha kuandika kitabu. Akajijibu: ombi limekubaliwa, sura ya kwanza iwasilishwe ndani ya siku kumi na nne. Siku zikapita. Akajipa onyo. Mwishowe akajitaka ajieleze kwa maandishi kwa nini asichukuliwe hatua za nidhamu.

Hapo ndipo alipofunguka. Mtumishi anayejitetea hatafuti sentensi nzuri, anasema yaliyotokea. Alieleza kuwa amechelewa kwa sababu hajui aanze na baridi ya Matamba, au pareto ambayo mama yake aliichuma akiwa na mimba, au siku mama alipouza ng'ombe wake wa pekee ili yeye aende sekondari. Kujieleza huko kulifika kurasa kumi na tisa. Kwa busara, hakujichukulia hatua. Aliendelea kujitetea hadi kurasa mia moja na arobaini. Nimezisoma zote. Sura ya nne bado inaanza na "rejea mazungumzo yetu ya simu", nasi tumemsihi asiifute.

Pasaka iliyopita alimsomea mama yake, chai ikiwepo. Bibi Zipora alisikiliza mpaka ng'ombe alipouzwa, kisha akasema: "Alikuwa mweusi, si mwekundu. Na mimi sikulia."

Bi. Letisia alichukua kalamu, ng'ombe akawa mweusi palepale. Kuhusu machozi, alimwambia mama yake kwa heshima kwamba aliyaona kwa macho yake, na sentensi ikabaki.

Bi. Letisia, asante kwa miaka yote hiyo. Tunakuombea afya njema, kuni za kutosha wakati wa baridi, na asubuhi nyingi za kuandika.