Hatua Sitini za Fundi Saa

Wafiwa wenzetu, majirani, na ninyi wote mliotoka makwenu asubuhi kuja kumsindikiza, tulieni kidogo mmsikie ndugu yenu alivyoishi, na tutayasema kama yalivyokuwa, maana mwenyewe hakupenda saa inayodanganya.

Fundi Saa alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, katika chumba cha nyuma cha nyumba hii hii, siku ya mvua kubwa, mkunga akafika viatu mkononi, na mdogo wake akamfuata mwaka 1961, wakanyonya ziwa moja, wakalala kitanda kimoja, lakini ndugu hawa walikuwa chanda na pete asubuhi, paka na panya jioni, na mama yao alishasema kwamba hawa wawili nitawaamua mpaka nizikwe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akatoka na sifa moja, kwamba aliifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu iliyokuwa imekufa, akaifunga tena, ikabaki skrubu moja mkononi, na saa ikatembea, mwalimu asijue ampe zawadi au fimbo, akampa vyote viwili. Mwaka 1979 alifungua kibanda chake chini ya ngazi za posta, meza moja, taa ya shingo ndefu na kioo chake cha jicho, akakaa hapo mpaka mwaka huu, na tarehe 15 Desemba 1984 akafunga ndoa na fundi cherehani wa upande wa pili wa ngazi, ambaye amekiri mbele yetu kwamba alikuwa akipeleka saa isiyo na ubovu kutengenezwa mpaka akachoka, wakajaliwa mabinti wawili, mkubwa dereva wa lori, mdogo mwalimu, wote wako hapa.

Mwaka 2001 Bwana Misitu wa hifadhi hii ya juu alileta saa iliyosimama, wakati anasubiri akalalamika kwamba msitu mkubwa, mikono michache, basi marehemu akaenda Jumamosi moja kuona, na ile Jumamosi moja ikawa miaka ishirini na miwili, anang'oa magugu, anazibua mifereji, anapigilia mbao za vidaraja, yeye na kinyozi na mama wa duka la dawa na wengine kumi na mmoja, bila mshahara, bila hata soda. Kazi iliyokuwa roho yake ni kinga ya moto, ule ukanda unaozunguka msitu, unafyekwa na kulimwa mpaka udongo mtupu kabla upepo wa kiangazi haujageuka, ili moto ukitoka mashambani ukose pa kukanyaga, na kila mmoja wao ana kipande chake, na adabu yao ni kwamba kipande cha mwenzio hukigusi mpaka akuite.

Kipande cha marehemu kilipakana na shamba la mdogo wake, na hapo ndipo ugomvi ulipo, hatufichi, wengi mliusikia mpaka barabarani, kwa sababu mwaka 2006 marehemu aliitoa sehemu yake ya urithi iwe msitu, mdogo wake akamwambia umewapa nyani shamba la baba, siku ukifa nyani watakubeba, marehemu akamjibu watanibeba vizuri kuliko wewe, wakanuniana miaka kumi na saba. Leo mmeona waliolibeba jeneza, wenzake wa msituni. Hata katika kununa huko palikuwa na jambo moja, mdogo mtu hakuchoma shamba lake hata mara moja kabla kaka hajapitisha jembe la mwisho, alikuwa akichungulia uzioni, akiona udongo mtupu ndipo anawasha.

Jumamosi ya tarehe 19 Agosti mwaka huu wa 2023, marehemu alianguka na jembe mkononi, moyo, zikiwa zimebaki hatua sitini za kipande chake, akalazwa siku ishirini na nne, na wenzake wakija kumwona walimtania kwamba Fundi, kipande chako kinakusubiri, amka ukamalize, uvivu huo, naye akicheka kwa shida, na kwa kumheshimu hakuna aliyekigusa. Jumapili ya tarehe 10 Septemba aliinuka kitandani akauliza upepo umegeuka, akaambiwa bado, akamshika mkewe mkono akamwambia waambie wafyeke, wasinisubiri, na mkewe hakumwambia mtu, kwa sababu kulisema neno lile kulikuwa sawa na kumchimbia mumewe kaburi, tusimlaumu, nani kati yenu angelisema. Akafariki Jumanne ya tarehe 12, saa kumi na moja alfajiri, na neno lile mjane amelitoa leo asubuhi.

Alhamisi, siku mbili baada ya msiba, mdogo mtu alichoma shamba, amekaa mstari wa pili pale, hatumtaji ili tumwaibishe, alisema hana tena wa kumchungulia uzioni, na kwamba moto wake umezima, lakini moto wa visiki haulali, unatambaa chini kwa chini kama maneno ya ukoo, na moshi mnaounusa tangu tulipokaa si wa jikoni kwetu, jikoni kwetu leo hakujawashwa kitu. Na wanaojua kuzuia moto ule wote kumi na watatu wamevaa nguo za msiba, wamekaa hapa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania moyo wake, majirani mliotandika mikeka na kuchota maji, na mafundi wenzake wa chini ya ngazi waliofunga vibanda siku nne, na ninyi wa msituni, ambao miaka yote hii hakuna aliyewaambia asante kwa sauti, asanteni, na neno lake tumewafikishia. Tukishaweka udongo hatutarudi kukaa, mahubiri yatakuwa mafupi, mchungaji ametuelewa, kwa sababu upepo umegeuka tangu saa tatu, na mdogo wake tunamwomba atangulie mbele yenu kwenye zile hatua sitini, yeye ndiye anayejua visiki viko wapi. Pumzika kwa amani, Fundi, huku kwetu hakuna wa kupumzika leo.