Nakshi za Chungu cha Jumbe

Mgeni rasmi, Bwana Daktari. Jumbe wetu Zebedayo. Mama Yunis, mke wa Jumbe. Nanyi nyote mlioketi hapa ufukweni.

Karibu

Bwana Daktari, umevuka ziwa lenye mawimbi ili utazame miguu ya mtoto mmoja, Asajile wa Jumbe. Ndaga fijo, asante sana. Sisi wanawake wafinyanzi tuna maneno machache kabla hujafungua mkoba wa dawa.

Historia

Tunafinyanga hapa hapa mchangani. Mtoto asiyejua kukaa tunamchimbia kishimo kimshike kiuno. Akichoka kukaa, hushika mdomo wa chungu kibichi akajivuta. Chungu kikipinda, tunakifinyanga upya. Maziwa watoto wetu hawayaoni kila siku, lakini hutembea mapema, na bata wa majirani ni mashahidi.

Asajile alikuwa na maziwa tele na yaya watatu. Alitoka mgongo huu akaingia mgongo ule, vumbi halikumjua. Wenzake walipokimbiza bata, yeye aliwatazama kutoka juu, kama jumbe.

Siku moja mama Yunis alikuja kununua chungu kwa Angetile, mkubwa wetu, mwanamke asiyepandisha sauti. Angetile alimtazama mtoto, akafuta mikono, akachimba kishimo.

"Mweke hapa, mama. Akilia, tutalia naye."

"Na baba yake akisikia?"

"Naye mlete. Tutachimba kipana."

Tangu hapo vyungu vilivunjika ovyo nyumbani kwa Jumbe, na kila mara mama Yunis alilazimika kuja kununua kingine, mtoto mgongoni.

Mafanikio

Kabla ya masika Asajile alisimama, ameshika chungu kibichi kwa mikono miwili. Vidole vikazama. Angetile hakukisawazisha, alikichoma vile vile. Ndicho chungu cha maji cha barazani kwa Jumbe, ambacho nakshi zake husifiwa na wageni wote.

Shida

Masika yalipoanza Angetile alifariki. Hakumwona Asajile akiachia mkono. Matanga hayajaanuliwa, Jumbe akazungushia miiba ufukwe wenye udongo, watoto wetu wasije wakamchafua mwanawe. Asajile akarudi mgongoni. Sisi nasi tunafuata udongo mbali, watoto wetu tumewafunga mgongoni mchana kutwa, na walio wachanga wamechelewa kutambaa. Kwa hilo tumelingana na nyumba ya Jumbe.

Ombi

Jumbe, tunaomba uondoe miiba. Usituamini kwa maneno. Chungu chako mama Yunis amekileta, kipo mbele yako. Mchukue mwanao, weka vidole vyake kwenye zile nakshi. Vitabana kidogo, maana amekua. Vikiingia, mwache asimame mwenyewe, Bwana Daktari amtazame.

Usimsaidie. Akilia, tutalia naye.

Bwana Daktari, Mungu akupe maji matulivu unaporudi, na magoti ya Asajile ayatie nguvu.

Ni sisi, wanawake wafinyanzi wa ufukweni.

Msomaji: Naomi, binti wa marehemu Angetile.