Diski Mpya na Sauti ya Bi Kuruthumu

Mgeni rasmi, mama yetu Jacqueline Elimringi, mwenye jengo hili. Mwalimu wetu Violeth. Mzee wetu Uledi. Na majirani mliofunga maduka mapema kwa ajili yetu: wakubwa shikamooni, wenzetu habari za mchana.

KARIBU NYUMBANI

Mama, tangu uhamie Moshi tumekukumbuka sana. Tumefurahi kukuona umepanda ngazi zetu mwenyewe na kukataa kushikwa mkono. Mimi ninayesoma risala hii ni Hyasinta, muuza vyombo wa mtaa wa nyuma, na ninasoma kwa niaba ya akina mama wote wa Darasa la Kompyuta, hapa mtaani Gerezani.

TULIKOTOKA

Ulitukuta tumebanana koridoni, kompyuta yetu tumeiweka juu ya ndoo. Ukafungua chumba hiki ukasema, "Ingieni humu, mtapata mafua." Hukusema mpaka lini, nasi hatukuuliza. Wakati ule wengi wetu tulikuwa hatujawahi kushika kipanya. Leo tunaandika oda zetu wenyewe, na mwenzetu Zamda anawafundisha wageni.

JAMBO TUNALOJIVUNIA

Mwaka jana tulisoma kurekodi sauti. Kila mmoja alijitambulisha, na sauti zote tukazihifadhi kwenye diski yetu ya nje. Marehemu Bi Kuruthumu, mke wa Mzee Uledi, alisema: "Mimi Kuruthumu wa Newala, nauza vitenge. Nikiongea polepole msinikimbize, sina basi ninaloliwahi." Tulicheka mpaka mwalimu akakaa chini.

Alitutoka kabla ya Ramadhani. Baada ya arobaini, Mzee Uledi alikuja kutuuliza kama ile sauti bado ipo, maana kwake haikubaki nyingine. Tangu hapo huja kila Ijumaa baada ya swala, anasikiliza, anatushukuru, anaondoka.

Kisha ile diski ikaanza kugonga, tik, tik, tik. Mwalimu Violeth alisema haitadumu. Tukachanga, tukanunua diski mpya hapa hapa Kariakoo. Mwalimu akaifunga ndani ya kompyuta, akawasha. Diski haikuonekana. Nikajifunga khanga nimrudie muuzaji.

"Kaa kwanza, Mama Hyasinta," mwalimu akasema. "Diski si mbovu. Ni mpya kabisa, haijaandaliwa. Kompyuta inajua kuna kitu kimefungwa, ila haijui pa kuandika."

Akafungua ukurasa wa kusimamia diski, na kweli tukaiona chini kabisa, haina jina wala herufi. Kompyuta ikauliza kama tunataka kuiandaa. Mzee Uledi alikuwa amekaa mlangoni. Akauliza, "Mkikosea mkachagua ile nyingine?"

"Vilivyomo vinafutika, mzee," mwalimu akajibu.

Mzee akainuka. "Basi ya kwake ichomoeni kwanza. Nitaishika mimi."

Akaishika kwa mikono miwili muda wote. Mwalimu akalinganisha ukubwa wa diski zilizobaki kwenye kioo ili asiguse ile inayowasha kompyuta, kisha akamwachia Zamda kipanya. Zamda akaiandaa ile mpya, akaitengea nafasi yote, akaifomati, akaichagulia herufi K. Hakuna aliyemuuliza kwa nini K. Papo hapo ikatokea pamoja na zile nyingine.

Mzee akatukabidhi ya zamani. Tukaanza kunakili faili la Bi Kuruthumu, kisha mengine. Picha za mahafali yetu hazikuwahi. Diski ya zamani ilizimika katikati. Lakini sauti tulikuwa tumeipata. Tulipoifungua, Mzee Uledi alicheka peke yake, na sisi tukageukia dirishani.

YANAYOTUSUMBUA

Mama, hatupendi kukuchosha. Feni imekufa. Mvua ikijaza maji bonde la Jangwani, wenzetu wa upande ule hawafiki. Mwalimu anatuambia sauti ikikaa kwenye diski moja tu haiko salama, hivyo tunatafuta ya pili.

Tena mwezi uliopita walikuja vijana na futi wakapima chumba, ukuta hadi ukuta. Mmoja alisema kinatosha maboksi mengi. Tuliwapa chai. Hatukuwauliza wametumwa na nani.

MAOMBI

Tunaomba feni, hata iliyotumika. Tunaomba pia, kama kuna jambo lolote kuhusu chumba hiki, tulisikie kutoka kwako mwenyewe. Tunajua jengo ni lako na biashara ina mahitaji yake. Hata ukiamua vipi, mafua uliyotukinga nayo hatutayasahau.

Wiki ijayo tunaanza somo la barua pepe, na tumekubaliana barua ya kwanza ije kwako Moshi. Tafadhali, mama, ukiipata utujibu.

Mungu akulinde njiani, akupe afya ya magoti na furaha ya wajukuu.

Ni sisi wanao,
Akina Mama wa Darasa la Kompyuta, Gerezani