Tezi Iliyokataa Kunyamaza

Apeni kwanza, wanangu, kwamba ninayosema hayatoki nje ya mlango huu. Vizuri. Mimi sikuapa, na asubuhi nimeshamwambia msusi, kwa hiyo mtaa mzima unajua isipokuwa nyinyi.

Sikilizeni kabla pumzi haijanikimbia. Mlikuwa wadogo mikono yangu ilipoanza kukua na taya likasogea mbele, na marehemu baba yenu, fundi viatu, akawa kila mara anachonga kalibu nyingine ya mbao, kubwa zaidi, ya kushonea viatu vyangu, bila kusema neno. Aliyesema kwa niaba yake ni dada yake, huyu wifi yangu, sokoni na misibani, kwamba kaka yake ameoa mwanamke anayegeuka dume. Huko nilicheka nao. Nyumbani nililia.

Daktari ndiye aliyenieleza kwamba chini ya ubongo kuna tezi, haizidi punje ya harage, na ndani ya seli zake zimo protini zinazofanya kazi ya utarishi: amri ikifika mlangoni mwa seli, zinapokezana kuipeleka ndani hadi kwenye jeni, jeni inaamshwa, homoni ya kukuza mwili inatengenezwa, kisha tarishi anatakiwa anyamaze. Wangu mmoja aliharibika, akawa anagonga hata pale ambapo hakuna aliyemtuma.

Nikamwambia, "Huyo namjua, daktari. Ni wifi yangu."

Alicheka hadi akavua miwani.

Walinipasua kupitia puani, kikabaki kipande cha uvimbe, ndiyo maana nachomwa sindano za kuziambia seli hizo zitulie. Zikatulia miaka. Sasa pete imebana tena, na moyo nao, daktari anasema, umekua kupita kiasi. Muuguzi akauliza kama dawa inakaa kwenye baridi, maana ikikaa kwenye joto inaharibika. Fundi amelikagua friji, ni zima. Umeme haukatiki. Basi kuna mkono, na mkono huo ndio unaoniua.

Nyumba hii ni yenu wawili, si ya ukoo, hata kama kuna anayewaahidi majirani vyumba vyangu. Binti, chukua kalibu zote za baba yako, hata zile kubwa. Usizichome kwa aibu. Mwanangu, punguza sauti kwa mkeo. Na wifi nimwambie nini? Mama yake nilimuuguza mimi. Leo nimemtengea kiti kizuri pale nyuma yenu, karibu na friji, kwa kuwa magoti yanamsumbua, na binti ameweka humo sindano mpya yeye akiangalia.

Mungu awape... ngojeni kidogo... awape watu wa kuwatazama bila kuwapima. Awafunike. Sogeeni, sauti inaniisha.

Hapana, msisogee. Friji limezimika. Geukeni wote, taratibu. Wifi, usiuachie huo waya. Ushike hivyo hivyo, wakuone.