Bi. Ardelia Twine, Aliyelirudisha Jina la Fundi Cephas

Bi. Ardelia Hargrove Twine alizaliwa tarehe 14 Machi 1931 mjini New Bern, Karolina ya Kaskazini, mtoto pekee wa marehemu Josiah na Pearl Hargrove. Alilelewa na bibi yake, Keturah, aliyefanya usafi kwa tajiri mmoja. Sebuleni mwa tajiri huyo lilikuwamo kochi la mahogani, mgongo wake umenakshiwa mashada ya zabibu. Siku moja bibi aliushika mkono wa Ardelia akaupitisha juu ya zabibu zile.

"Hizi kazichonga Cephas Hargrove, babu wa babu yako. Asije mtu akakwambia vingine."

Alihitimu ualimu Fayetteville mwaka 1952, akafundisha darasa la nne hadi alipostaafu 1986. Waliopita mikononi mwake wangali wakimsikia: "Simama wima! Jina lako litamke kama unalipenda!"

Tarehe 12 Juni 1954 alifunga ndoa na kinyozi Lucius Twine, aliyetangulia mbele ya haki mwaka 2008.

Kochi lile lilikuja kupelekwa makumbusho ya mji, likawekewa kibao: "Fundi hajulikani." Mwalimu alipokisoma, hakulala. Tangu hapo kila Jumamosi alivaa kofia yake ya kanisani, akasimama kando ya kochi na kuwaeleza wageni habari za Cephas.

"Mama, unasumbua watu," mlinzi alimwambia.

"Siwasumbui, mwanangu. Nawatambulisha."

Kule kinyozini mzee Lucius akawachekesha wateja: "Jamani, nimeletewa mume mwenza. Ana miguu minne, ila nashukuru hali chakula!"

Mkurugenzi wa makumbusho, Bi. Whitlock, alimsikiliza kwa adabu, lakini akashikilia kwamba bila ushahidi hawezi kubadili kitu. "Basi Jumapili njoo tusali," Mwalimu alimjibu. Bi. Whitlock akaja. Baada ya ibada Mwalimu alimpeleka hadi kwenye mimbari hii hii iliyo mbele yetu leo. Zabibu zile zile, mkato ule ule wa patasi, na chini yake limechongwa jina: *Cephas Hargrove, 1851*. Bi. Whitlock alipiga magoti, akazipapasa zabibu moja baada ya nyingine.

"Ni mkono mmoja," alisema. "Mwalimu, utusamehe."

Tarehe 3 Mei 1997 kibao kipya chenye jina la Cephas kilifunuliwa pale makumbusho. Mwalimu alikisoma mwenyewe, kwa sauti ya darasani, na kanisa zima lililofurika ukumbini likaitikia "Amina!" hadi vioo vikatetemeka. Aliyepiga makofi kuliko wote ni yule mlinzi.

Mwaka 2017 alianza kusumbuliwa na moyo. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2019, nyumbani kwake, binti yake Naomi alimuuliza kama kuna jambo linalomtia huzuni.

"Huzuni ya nini? Mimi nimeshinda, mwanangu. Hebu niletee chai ya barafu."

Aliinywa yote. Alifariki adhuhuri.

Ameacha watoto wawili, Reuben na Naomi, wajukuu watano, kitukuu Josephine, na wanafunzi wasiohesabika.

Pumzika salama, Mwalimu. Kazi umeimaliza.