Kilima cha Sampuli Namba Saba

Tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika chumba cha giza cha maabara yetu ya maji, Mama Giza anastaafu. Jina hilo tulimbandika sisi, naye huliitikia haraka kuliko lile la kwenye hati ya mshahara.

Kazi yake ni rahisi kueleza, ngumu kuiga. Unamulika maji kwa mwanga usioonekana, nayo yanajibu kwa mwanga wake hafifu, mashine ikauchora kama vilima kwenye grafu. Dizeli ina vilima vyake, sabuni vyake, maji machafu vyake. Vikichanganyika, yeye huvitenganisha kwa macho kama mama anavyojua kilio cha kila mtoto wake. Ndiye aliyegundua dizeli kwenye tangi la wodi ya wazazi, bosi akiwa ameshasaini kwamba maji ni safi. Ndiye pia aliyejua nani kabadili mafuta ya nywele, na kubisha hakukusaidia.

Glavu hakuvaa. Alidai zina mwanga wake na zinaidanganya mashine. Alinawa mara tatu, akafuta vichupa kwa vidole vitupu.

Kilima kimoja tu kilimshinda. Siku ya kwanza kazini alikuja na chupa ya maji ya kisima cha kwao, kisima kilichomuua mdogo wake. Wote wawili walikunywa humo, yeye alipona. Hiyo ndiyo sampuli namba saba. Ameipima kila mwaka, na sumu ile haijapata jina.

Mwezi uliopita kilima hicho kikajitokeza kwenye maji safi yasiyo na kitu. Tukabadili maji, kikarudi. Tukabadili vichupa, kikarudi. Tulitaniana kuhusu mizimu, kisha utani ukaisha. Alipokwenda likizo kilitoweka. Jumatatu aliyorudi, nacho kikaripoti kazini. Alitazama vidole vyake vitupu, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaenda kunywa chai.

Ameagiza mwenyewe haya ya sumu iliyobaki mwilini mwake yaandikwe, tusije tukamlilia pembeni. Mimi, ambaye yeye alinifundisha kazi, naogopa, na sioni haya kusema.

Mama, asante kwa macho yako. Tunakuombea maisha mema, na zaidi ya mema, marefu. Asubuhi ya leo tumekuta kwenye friji kichupa cha damu yako, kimeandikwa kwa mkono wako: namba nane. Tumevaa glavu, tumezima taa, na hatutoki humu hadi sumu hiyo tuijue kwa jina.